Mjane wa Kwenye Ripoti

Mwaka wangu wa pili katika chuo cha biashara pale Tabora sikuweza kukaa nikatulia. Darasani mguu wangu wa kulia ulikuwa unatikisika wenyewe chini ya meza, mpaka mwenzangu wa chumba, niliyekuwa nakaa naye benchi moja, anaweka mkono kwenye goti langu na kulikandamiza kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo. "Tulia basi," alikuwa akininong'oneza. "Unanitikisia kalamu."

Nilikuwa nimeomba uuguzi, nikapata masoko. Baba yangu, mkulima wa tumbaku kule Urambo, alisoma barua ya kukubaliwa mara mbili, akaikunja, akasema, "Soma hicho hicho, mradi usirudi shambani." Basi nikasoma hicho hicho. Lakini nilikuwa kama mgeni aliyekaribishwa ndani na hajaoneshwa kiti. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilianza kusoma sura ya tatu kabla sijamaliza ya pili. Jioni nilitembea kutoka hosteli mpaka stesheni na kurudi, bila shughuli yoyote. Treni ikipiga honi nilihisi kuna mahali nimechelewa, ila sikujua ni wapi.

Mwalimu wetu wa masoko alikuwa mtu wa mashati yaliyonyooka, na alikuwa na hoja moja aliyoipenda sana. Alisema kabla ya reli watu walitembea kwa miguu kutoka pwani mpaka Ujiji, wakapita hapa hapa tulipokaa, na kila aliyepita aliuza kitu au alinunua kitu. "Nyinyi mnasomea biashara juu ya njia ya biashara," alisema siku moja, "halafu mnaninakilia mifano ya kampuni za Ulaya." Ndipo akatupa kazi. Kila kundi la watu watatu litafute mfanyabiashara mmoja wa mjini, likae naye siku tatu kazini kwake, liandike ripoti, kisha liiwasilishe mbele ya darasa.

Kundi letu lilikuwa mimi, mwenzangu wa chumba, na mwanamume mmoja aliyetuzidi umri, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kurudi kusoma. Tulimwita Kaka. Mwenzangu wa chumba alitoka Nzega, na biashara alizaliwa nayo. Alikuwa akiuza mafuta ya nywele na manukato hosteli nzima, na sijawahi kumwona akimwomba mtu anunue. Kaka alikuwa amepanga chumba mtaa wa Ng'ambo na mke wake na mtoto mchanga. Jirani na kwake kulikuwa na banda la mama mmoja muuza dagaa wa Kigoma, na Kaka ndiye aliyependekeza twende huko.

Tulimkuta amezungukwa na wateja. Alikuwa mama mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wainame kumsikia. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu. Akatusikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea kupima.

"Leo sina nafasi, wanangu," alisema. "Mzigo wangu uko njiani. Njooni Alhamisi asubuhi stesheni, nitakuwa naupokea. Hapo mtaiona kazi yenyewe."

Alhamisi tulikwenda. Treni haikuja. Ilisemekana imesimama mahali, halafu ikasemekana imeshaondoka hapo, halafu hakuna aliyesema kitu tena. Yule mama alikuwa ametandika gunia tupu chini, amenyoosha miguu na kufumba macho, kana kwamba yuko sebuleni kwake. Mimi nilikuwa nimeshatembea jukwaa lote mara kumi. Ilipofika saa sita, mwenzangu wa chumba akasema ana jaribio kesho yake. Kaka naye akasema mtoto ana homa. Tukamwendea mama kumuaga.

"Mnakwenda?" akauliza bila kufumbua macho.

"Tutarudi, mama," nikasema mimi.

Hatukurudi. Siku mbili kabla ya kuwasilisha tulikaa kantini ya chuo tukiwa na chai na karatasi nyeupe. Mwenzangu wa chumba akasema, "Jamani, maswali tunayo, na majibu tunayajua. Tuandike tu." Kaka akasita kidogo, akageuza kikombe chake mara mbili tatu, halafu akasema, "Haya." Mimi nikachukua kalamu.

Sehemu hii ndiyo inayoniaibisha mpaka leo, kwa sababu niliifurahia. Niliandika kwamba mama yule ni mjane. Mumewe alifariki ghafla, akamwachia watoto na beseni moja. Alianza kwa kutembeza dagaa kichwani mtaa kwa mtaa. Nilimpa ndoto ya kufungua duka Nzega. Nilimpa na maneno ya kusema, nikayafungia alama za kunukuu: "Sikuwa na muda wa kulia." Mwenzangu wa chumba alisoma juu ya bega langu, akasema, "We mtoto una kipaji." Nilikaa pale saa tatu mfululizo bila kuinuka, mguu umetulia kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu nifike chuoni sikutaka kuwa mahali pengine.

Siku ya kuwasilisha nilisoma mimi. Nilipofika kwenye yale maneno ya kunukuu, msichana wa benchi la mbele akajifuta jicho. Mwalimu alivua miwani.

"Hii ndiyo kazi niliyoitaka," alisema. "Huyu mama lazima darasa zima limsikie. Mleteni Ijumaa ijayo."

Wakapiga makofi. Kaka alikuwa anatazama sakafu.

Nje tulisimama watatu karibu na bomba la maji. Mwenzangu wa chumba alikuwa ameshapata jibu. "Tutasema amesafiri. Amepata msiba Kigoma." Kaka akaitikia kwa kichwa. Mimi nikawaza: tumeshamuua mume wake, sasa tunamwongezea msiba mwingine. Lakini nikaitikia na mimi.

Siku zilizofuata nilirudia kutembea mpaka stesheni kila jioni. Nilikuwa nikianza kuteremsha chandarua najikuta nimekiacha nusu, nimesimama dirishani. Jumatatu, kipindi cha mwisho kilipoisha, miguu yenyewe ikanipeleka Ng'ambo. Mama alikuwa peke yake mbele ya banda, anapepeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wale wenzio wako wapi? Treni ilifika saa kumi siku ile. Niliwatafuta kwa macho."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, yote yakanipotea. Nikamweleza hivyo hivyo, vipande vipande: kwamba tuliandika bila kumuuliza, kwamba tulisifiwa, kwamba mwalimu anamwita chuoni.

"Sasa mliandika nini?" akauliza.

"Tuliandika kwamba… kwamba mama ni mjane."

Ungo ukasimama. Akageuza kichwa kuelekea ndani ya banda, akaita kwa ile sauti yake ya chini, "Mzee, hebu njoo." Akatoka mzee mmoja mfupi mwenye sindano ya kushonea magunia mkononi, ameinama kidogo upande mmoja. "Mzee," mama akamwambia, "huyu binti wa chuo amekuja. Anasema umekufa."

Mzee akanitazama. "Lini?" akauliza.

Mama hakucheka. "Na mimi?" akaniuliza. "Kwenye hiyo karatasi yenu mimi nilifanyaje? Nililia?"

"Hapana, mama. Niliandika ulisema hukuwa na muda wa kulia."

Hapo ndipo alipokasirika. Sauti haikupanda, ila aliweka ungo chini polepole mno. "Mimi huyu mzee akifa nitalia," alisema. "Nitalia mtaa mzima unisikie. Biashara nitafunga. Umenifanya mtu wa ajabu mbele za watu, mwanangu, na wakakupigia makofi."

Nilimwomba radhi. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi, naye akaniambia niinuke, nachafua sketi. Halafu akanisukumia ungo mwingine. "Siku tatu mlisema. Kaa."

Nikakaa. Jumatatu ile, Jumanne na Jumatano, kila nilipotoka darasani nilikwenda kuchambua dagaa: nikatoa mchanga, vijiwe, vikonokono vidogo kama punje za mtama. Nilijifunza kwamba mama hanusi gunia juu. Huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kutoa dagaa wa chini, kwa sababu waliolowa hufichwa huko. Nilijifunza kwamba biashara ilikuwa ya mzee. Alikuwa mfanyakazi wa reli, akaumia mgongo, akaanza kuagiza dagaa kwa wenzake wa Kigoma, na mama aliingia tu kumsaidia, akabaki. Hakuwahi kutembeza beseni. Hakutaka duka Nzega. "Nzega nikafanye nini?" aliuliza. "Namjua nani?" Hakukuwa na kitu hapo cha kumfanya mtu wa benchi la mbele ajifute jicho. Nami nilikuwa nikiinuka kila baada ya dakika kumi kunyoosha miguu, na mzee akaanza kunitania, "Mwaka huu nimekufa mimi, lakini anayehangaika ni wewe."

Jumatano nilimwambia mama kwamba ninakwenda kwa mwalimu. Akasema, "Nenda. Na mwambie Ijumaa nitakuja, kwa kuwa nimeshaitwa. Ila nakuja na mume wangu."

Nilipitiliza mpaka ofisini kwa mwalimu jua likiwa bado lipo. Alikuwa anafunga kabati. Nikamwambia kila kitu, nimesimama. Aliniambia nikae, nikashindwa. Alipomaliza kusikiliza alikaa yeye, akatazama ripoti yetu iliyokuwa juu kabisa ya rundo mezani kwake.

"Nani aliandika?"

"Mimi, mwalimu."

"Na wenzako walijua?"

Nilitazama mlango. "Ndiyo."

Akapiga mstari juu ya alama zetu, wote watatu. Tutarudia kazi upya, akasema, na hata ikiwa nzuri vipi haitavuka alama ya kufaulu tu. Aliniambia nifunge mlango nikitoka. Nilipofika nje nilijisikia mwepesi, nikatembea kwa haraka, karibu nakimbia. Nilikuwa nimeshafika geti la hosteli nilipokumbuka kwamba sijawaambia wenzangu.

Wao walizisikia habari kesho yake asubuhi, mwalimu alipotuita majina mbele ya darasa. Kaka alinijia wakati wa mapumziko. Alisema mke wake alimwambia tangu mwanzo kwamba jirani yao si mjane, na yeye akamjibu ni mambo ya shule. "Nilikuwa nimechoka tu," alisema, kisha akaenda zake. Mwenzangu wa chumba alihamia benchi la nyuma. Jioni nilikuta godoro lake limehamishiwa chumba cha tatu kutoka changu, na kwenye fremu ya kitanda amebakiza hanga mbili za nguo.

Ijumaa mama alikuja, amevaa baibui jeusi lililopigwa pasi, mzee nyuma yake na kofia nyeupe iliyodariziwa. Walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya ubao. Mwalimu aliwatambulisha kwa heshima, hakutaja ripoti. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akauliza siri ya mafanikio yake.

"Nani kakwambia nimefanikiwa?" mama akajibu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Treni isipokuja, sina dagaa. Ikija na mzigo umelowa, sina dagaa. Nasubiri. Usipoweza kusubiri, uza kitu kingine."

Mzee akaongeza kwamba yeye ni mzima, alhamdulillah, na darasa zima likatugeukia sisi watatu. Nilitazama upande wa mwenzangu wa chumba. Alikuwa anaandika, kichwa chini.

Ripoti ya pili tuliiandika kila mtu sehemu yake, tukakabidhiana karatasi kwa mkono wa Kaka. Ilipata alama ya kufaulu. Ilikuwa inachosha kuisoma, na yote yaliyokuwamo yalikuwa kweli. Nilimaliza chuo. Niliomba kazi Mwanza, Dodoma na Kigoma, nikapata Urambo, kwenye ghala la tumbaku, nusu saa kwa baiskeli kutoka kwa baba, ambaye nilipomweleza alichukua jembe akaenda shambani. Nilikaa miezi minane, nikahama. Mahali nilipo sasa ni pa tatu, na tayari ninasoma matangazo ya kazi.

Mwaka jana nilikuwa safarini, basi likasimama Nzega tupate chakula. Nilikwenda kununua mafuta ya kujipaka kwenye duka lililokuwa mkabala na stendi, nikamkuta yule mwenzangu wa chumba ndani, kanenepa kidogo, anampangia mteja chupa za manukato kwenye kaunta. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Alimhudumia mteja mpaka mwisho.

"Bado unahangaika?" akaniuliza.

"Bado."

Akanipa mafuta niliyoyataka. Nikamwambia kwamba kwa miaka yote nimetaka kumwomba msamaha, lakini sikujua namna ya kuomba msamaha kwa kosa la kusema kweli.

"Si kwa kusema kweli," alisema. "Tulilala chumba kimoja. Usiku wa Jumanne ulinisimulia dagaa mpaka nikasinzia. Ungeniambia unakwenda kwa mwalimu."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali. Ningekufungia mlango." Akapangusa kaunta mahali palipokuwa safi. "Lakini ungeniambia."

Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi kwa kiganja, anatuita. Nikamwambia ninakuja tena mwezi ujao, nitapita hapa. Alisema dukani huwa anakuwepo kuanzia saa mbili asubuhi, isipokuwa Jumapili.