Kahawa Mbili za Kumchelewesha Mjomba

Miaka ile Wadachi walipokuwa wakileta reli Morogoro, wazazi wetu walikuwa wameshafariki wote wawili, nami nilikuwa nimeacha shule ili niwalee wadogo zangu wawili. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba halipingwi. Siku mjomba alipoteremka kutoka mlimani nilijua amekuja kutugawa: mdogo mmoja kwake, mwingine kwa mama mkubwa.

Lakini mjomba alikuwa na desturi yake. Hatoi shauri la ukoo akiwa na kikombe mkononi. Basi nikaazimia kikombe kisikauke.

Mdogo wangu wa kike alikuwa akichuma kahawa kwenye shamba la misheni, na jikoni kwao alijifunza kuichuja kwa kitambaa, maji ya moto yakimiminwa polepole. Kitambaa chetu kilikuwa kipande cha gauni langu la shule. Wa kiume alikaa msimu mmoja mjini, akarudi na elimu ya wauza kahawa: unaitwanga, unaichemsha na tangawizi mpaka ifure mara tatu, kisha unaiacha itulie.

"Shikamoo, mjomba. Onja hii kwanza," akasema wa kike.

"Marahaba. Mh! Hii kahawa, au maji yaliyopita karibu na kahawa?"

"Ndiyo wanayokunywa mapadri, mjomba."

"Ndiyo maana hawachoki kusali. Lete ya huyu."

Akanywa ya kuchemsha, akatema machicha. "Mpwa wangu, hii si ya kunywa. Hii ni ya kutafuna."

"Hukungoja itulie! Una haraka gani?"

"Nina mlima wa kupanda!"

Nikammiminia nyingine. Wadogo zangu wakarushiana maneno, huyu akiitwa mfua nguo, yule mpika matope, na mjomba akaamua kesi yao kikombe baada ya kikombe, akibadili hukumu kila mara. Mwishowe akakitua kikombe, akakifunika kwa kiganja.

"Nilikuja kuwachukua hawa," akaniambia. "Lakini mmoja nikimtenga na mwenzake, atabishana na mimi, nami nimeshazeeka. Kaa nao. Wakati wa mavuno nitakuja kuwatazama."

Nikainua kikombe chake ili nikakioshe. Kikawa kinagongana na birika.

"Mbona unatetemeka?" akauliza.

Nikasema ni kahawa, ingawa siku nzima sikuwa nimeonja hata tone.