Kifurushi Kilichodanganya Urefu Wake

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja vinanitoka jasho. Nilikuwa bado msichana, sijaolewa, nafanya kazi ghorofani pale Kinondoni, juu ya duka la mafriji ya mtumba. Nakusimulia wewe kwa sababu nimesikia umepata kazi ya kuandika msimbo wa mtandao, tena ule wa ndani kabisa, unaokaa kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta. Nimefurahi, na nimeogopa. Kaa hapa kidogo nikueleze kwa nini nimeogopa.

Miaka ile ya tisini biashara zilikuwa zimefunguliwa. Mtu uliyemjua jana kama mfanyakazi wa serikali, leo unamkuta ana kampuni yake na kibao mlangoni. Kompyuta zilikuja kutoka Dubai kwenye kontena moja na pasi na viatu. Bosi wetu, Mzee Kondo, mwenyeji wa Mbweni, alikuwa mhandisi wa simu kwa miaka mingi kabla hajaacha kazi na kuanzisha kampuni ile. Alijua kwamba mvua ikinyesha simu za mezani zinakufa. Basi akaunganisha kliniki ndogo za mjini na maabara moja ya binafsi kwa njia ya redio. Asubuhi sampuli za damu zinapelekwa maabara kwa pikipiki, maombi ya vipimo yanatumwa hewani, na majibu yanarudi hewani mpaka kwenye kompyuta ya kliniki. Mashine ya kati, iliyopokea na kutuma kila kitu, ilikuwa ofisini kwetu.

Programu ya kuzungumza na redio aliiandika Gasper. Alikuwa mtu wa Moshi, amesoma nje, mcheshi, na sijaona tena kichwa kama kile. Alichukua mfumo wa bure, ambao msimbo wake kila mtu anaweza kuusoma na kuubadili, akaingiza programu yake ndani ya kiini chenyewe ili mashine yetu iliyochoka iende haraka. Mie niliajiriwa kumsaidia.

Sasa elewa jambo hili, kwa maana ndilo lililoninyima raha. Programu ya kawaida ikikosea, kiini kinaisimamisha, na nyingine zinaendelea na shughuli zake. Kiini kikikosea, hakuna aliye juu yake wa kukizuia. Kinaweza kuandika popote kwenye kumbukumbu ya kompyuta, juu ya kitu cha mtu yeyote, na hakuna wa kukiuliza unafanya nini.

Data zilikuja kwa vifurushi. Kila kifurushi kilitanguliza namba ya kusema urefu wake. Programu ya Gasper ilikuwa imetenga nafasi kwenye kumbukumbu, ikaisoma ile namba, kisha ikanakili kiasi hicho hicho kilichotajwa. Nilipousoma msimbo kwa mara ya kwanza nilifika mstari ule nikasimama. Nikarudi juu, nikasoma tena. Hapakuwa na mahali popote palipouliza: je, hiki kilichotajwa kinaenea kwenye nafasi tuliyotenga?

Nikamwuliza. Akacheka kidogo, si kwa dharau.

"Saumu, hiyo ishu haipo. Nani atatuletea kifurushi kirefu kuliko nafasi? Redio zetu zote ni za aina moja, na programu ya upande wa pili nimeiandika mwenyewe."

"Na kama kitakuja?"

"Kwa hiyo unataka tukikatae? Ndani yake kuna ombi la mgonjwa, sista. Ukikataa kifurushi, umempoteza mtu."

"Afadhali kipotee tujue kimepotea," nikamwambia. "Hicho kingine kitamwagikia kwa jirani yake, na hatutajua."

Hakukubali. Nilimwendea Mzee Kondo, naye akatusikiliza wote wawili, akaamua kama waamuavyo wakubwa wanapotaka amani: tusikatae kifurushi chochote, ila niruhusiwe kuongeza mstari wa kuandika onyo kwenye skrini pindi urefu ukizidi. Nikauongeza. Kuanzia siku hiyo kila nilipoingia ofisini, kabla ya kuvua viatu vyenye tope, nilikwenda kuitazama ile skrini. Ilikuwa safi. Wiki zikapita, bado safi. Gasper akawa ananitania, "Mgonjwa wako vipi leo?" Nacheka naye, kisha narudi kuitazama skrini. Nilikuwa naota namba.

Masika yakaanza. Kliniki moja ya Mbezi Beach ikaomba kujiunga. Redio za aina yetu zilikuwa zimekwisha madukani, Mzee Kondo akanunua ya aina nyingine, ambayo mwenye duka alimwapia kwamba inafanana na zetu kwa kila kitu. Fundi akaifunga. Hakuna aliyetuambia sisi, na kusema haki, hakuna aliyedhani ni jambo la kutuambia.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikageuka kuitazama skrini kwa mazoea tu, nikakuta mstari wangu umeandikwa. Urefu umezidi. Chini yake mwingine. Na mwingine tena.

"Gasper," nikaita. Mvua ilikuwa na kelele, ikabidi niite mara ya pili.

Akaja, akainama. Nilimwona anavyosoma, na nikaona uso wake unavyobadilika. Lakini mashine ilikuwa inaendelea. Taa zinawaka, majibu yanatoka, kliniki zinapokea.

"Mbona inafanya kazi?" akasema.

Hapo ndipo hofu iliponishika kwelikweli, mwanangu. Ingeganda, tungeiwasha upya tukaomba radhi. Haikuganda. Ilikuwa imeandika juu ya kumbukumbu yake yenyewe, kisha ikaendelea kutuma kwa utulivu kabisa, na hapakuwa na njia ya kujua imeandika juu ya nini. Pembeni ya nafasi ile ya vifurushi ndipo majibu ya maabara yalipokuwa yanasubiri kutumwa. Majibu ya damu. Makundi ya damu.

"Hatuwezi kuamini chochote kilichotoka asubuhi hii," nikasema.

Mzee Kondo alikuwa mlangoni, amesikia. Hakuuliza swali lolote. "Zima," akasema. Gasper akasita, mkono uko juu ya swichi. "Zima, kijana!" Akazima.

Mzee akachukua kipaza sauti cha redio, kwa maana redio zile zilikuwa zinaweza pia kubeba sauti, akaanza kuita kliniki moja baada ya nyingine. "Msitumie jibu lolote la leo. Narudia, msitumie jibu lolote la leo." Wakaitikia mmoja mmoja, Magomeni, Mwananyamala, Tandika, Mbezi Beach. Nyumba ya uzazi ya Mbagala haikuitika. Akaita tena. Kimya, na mvumo wa mvua. Simu yao tulipiga, haikutoa hata mlio.

Maabara nao waliusikia wito wake redioni, wakatuma mtu mbio na majibu yao halisi, waliyoyaandika kwa mkono. Tukalinganisha na yale ambayo mashine ilikuwa imeyatuma. Mengi yalikuwa sawa. Moja halikuwa sawa: mama mmoja wa Mbagala, amejifungua usiku, ametokwa na damu nyingi. Maabara walisema kundi O. Sisi tulikuwa tumetuma B. Na kule Mbagala, mwanangu, walikuwa na jokofu lenye mifuko ya damu. Hawakuhitaji kusubiri kitu kingine isipokuwa jibu letu.

Gasper alishakamata funguo za pikipiki yake. Nikapanda nyuma bila hata kujifunga vizuri ushungi. Sitakuficha, njiani sikumwomba Mungu kwa maneno ya maana. Nilikuwa nasema jina la yule mama tu, nilivyolisoma kwenye jibu, nalirudia. Barabara ya kutokea Temeke ilikuwa imejaa maji, magari yamesimama, Gasper anapita pembeni, juu ya mitaro, katikati ya meza za wauza viatu. Tulianguka mara moja pale Mtoni. Aliinuka, akainua pikipiki, hakuniuliza kama nimeumia, na sikutaka aniulize.

Tulipofika Mbagala tuliingia na matope yetu mpaka wodini. Mkunga mkuu, Sista Agripina, mama mnene wa makamo, alitusimamisha kwa kiganja.

"Shikamoo mama," Gasper akasema akitweta. "Yule mama wa damu, mmeshamtundikia?"

"Marahaba. Nyie ndio wa kompyuta?"

"Ndiyo. Jibu letu ni la uongo. Ni kundi O."

Akatuonyesha meza ndogo penye kipande cha kioo, na juu yake tone la damu lililoganda vipande vipande kama maziwa yaliyokatika.

"Nimechukua damu ya mama, nimeichanganya na ya mfuko wa B, kama jibu lenu lilivyosema," akasema. "Zimegombana. Sijatundika kitu. Nimeshatuma mtu kwa redio awaulize, nasikia haizungumzi."

Gasper akaketi chini, pale pale kwenye sakafu ya wodi.

"Huwa unapima kila mara?" nikamwuliza. "Hata jibu likitoka maabara?"

"Kila mfuko, binti yangu. Hata daktari mkuu akiniletea kwa mkono wake. Mama huyu akifa, hatakufa kwenye kompyuta, atakufa hapa mikononi mwangu." Kisha akamgeukia Gasper, na sauti yake ikawa kali. "Wewe baba, inuka. Sina nafasi ya mtu wa kulia. Mfuko wangu wa O ni mmoja, na hautatosha. Ndugu zake wako nje, nenda ukawaambie ukweli, uwaombe watoe damu."

Akainuka, akaenda. Niliona anavyozungumza na mume wa yule mama chini ya upenu wa bati, kichwa chake kimeinama, hatumii maneno ya kitaalamu. Sijui alisema nini. Mume akakunja mkono wa shati lake, akaingia ndani kupimwa, na shemeji zake wakamfuata.

Mama yule alipona. Ilichukua muda, na hofu haikututoka mpaka Sista Agripina alipotupigia kutueleza kwamba amerudi kwao Rangitatu na mtoto wake wa kike.

Mzee Kondo hakuiwasha mashine siku nyingi. Tulipokaa naye hakumgombeza Gasper peke yake. "Mimi ndiye niliyeweka redio nyingine, yenye kutuma vifurushi virefu, bila kuwaambia," akasema. "Wewe uliamini vifurushi, mimi nimeamini mwenye duka. Lakini nisikilizeni nyie vijana. Mtu akikuletea mzigo akakwambia uzito wake, kuupima si kumtukana. Kazi yako ni kupima."

Gasper akaandika ukaguzi. Nikaujaribu, nikiwa bado naogopa hata kivuli changu. Nikatuma kifurushi kinachodai urefu mkubwa mno, mkubwa kabisa ambao namba ile iliweza kuubeba. Ukaguzi ukakipitisha! Nikamwita Gasper. Tukakaa bega kwa bega tukautazama, na yeye ndiye aliyeona: alikuwa ameujumlisha urefu na ukubwa wa kichwa cha kifurushi, ile sehemu ya mbele inayobeba namba, kwanza, ndipo akapima. Jumla ilipovuka kikomo, ikazunguka ikaanza upya kutoka sifuri, kama mita ya gari iliyofika mwisho, ikaonekana ndogo. Ukaguzi ukaiona ndogo, ukaridhika.

"Yaani hata mlinzi anadanganywa," akasema taratibu. Hakutania. Akaugeuza: pima kwanza, ndipo ujumlishe, na kifurushi kisichoenea kikataliwe, aliyekituma aambiwe atume tena. Kisha tukaupitia msimbo wote tangu mwanzo, mstari kwa mstari, na tukapata mahali pengine pa namna hiyo. Sehemu mojawapo nilikuwa nimeiandika mie.

Gasper alifanya kazi hii mpaka uzeeni, na kila aliyefundishwa naye alilalamika kwamba mzee yule anapima kila kitu.

Basi mwanangu, haya ndiyo niliyotaka kukuambia. Namba yoyote inayokuja kutoka nje ya mashine yako, hata ikitoka kwa programu uliyoiandika kwa mkono wako, ichukulie kuwa ni neno la mtu usiyemjua. Ilinganishe na nafasi uliyonayo kabla hujanakili hata herufi moja, na uilinganishe kabla hujaijumlisha na chochote. Isipoenea, ikatae waziwazi. Usikubali kuandika onyo tu kisha ukaendelea, maana onyo lisilozuia kitu lilitufikisha Mbagala. Ukiwa ndani ya kiini hakuna atakayekukagua baada yako, kwa hiyo jikague wewe, na umpe mwenzako akukague tena bila kununa. Wakikwambia hilo haliwezi kutokea, waulize wamejuaje. Na ukisikia woga tumboni mbele ya mstari fulani wa msimbo, usiuonee haya. Kaa nao mpaka ujue unatoka wapi.

Mola akupe macho ya kuona kilichokosekana, ulimi wa kukisema mbele ya wanaokupenda na wasiokupenda, na mikono isiyo na haraka. Watu usiowajua, ambao hawatalijua kamwe jina lako, wapite salama ndani ya kazi yako wafike kwao. Amina.