Sindano ya gel kwenye goti la baba: ilivyomsaidia, na samli ya shangazi ilivyotutia hofu

Wakuu, salamu kutoka Bunia.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi kwa kuogopa kukosea. Leo naubandika ulivyo. Mimi si mtu wa afya. Natengeneza viti na meza, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kutazama video. Nitasema nilichokiona kwenye goti la baba yangu, na nisipojua nitasema sijui.

Baba ni mfugaji. Vita vilitutoa kijijini, tukaingia mjini na ng'ombe wachache. Sasa amebaki na wawili, anawafuga pembeni mwa mji.

Anakama mwenyewe kila asubuhi, tena kama walivyokama wazee wake: amechuchumaa, chombo cha mbao amekibana katikati ya magoti.

Sasa fikirieni mtu huyo anaumwa goti.

Ilianza taratibu. Asubuhi goti la kulia linagoma kukunjuka, linalia kama mlango mkavu. Ikafika siku alichuchumaa akashindwa kuinuka, nikamnyanyua kwa kumshika makwapani. Hakuniangalia usoni.

Nilijaribu kukama mimi. Ng'ombe akapiga chombo teke. Baba akacheka.

"Weye mikono yako iko inatetemeka. Ngombe anajiuliza, huyu anaogopa nini?"

(Ni kweli. Mimi huogopa kila kitu. Nikipiga msumari nalala nikiuwaza.)

Nikamtengenezea kigoda kifupi akamie. Alikikataa mbele ya majirani.

"Nikame nimeikala? Batu watasema muzee amekuwa bibi arusi!"

Kisha akasema neno lililonikosesha raha: mvua zikianza kabla hajaweza kuchuchumaa, ng'ombe wataenda kwa mdogo wake kule Mahagi. Namjua baba. Ng'ombe wakiondoka, naye ataingia kitandani asitoke.

Nikaanza kusoma mtandaoni. Ndipo nikakutana na habari za sindano ya kulainisha kiungo. Mmoja anasema muujiza, mwingine anasema wizi. Nikazidi kuchanganyikiwa.

Tukaenda kwa daktari wa mifupa hapa mjini. Akapiga picha, akatuonyesha: gegedu, ile inayozuia mfupa usisuguane na mfupa, imelika. Akasema kila kiungo kina ute wake, na wa baba umekuwa mwepesi. Gel ile inafanana na ute huo. Hairudishi gegedu. Wengine huwasaidia kwa miezi, wengine haiwasaidii kabisa.

Nikamuuliza, je, baba atakuwa kundi gani? Nikauliza tena kwa namna nyingine. Na tena.

"Kijana," akasema, "goti ni la nani?"

"La baba."

"Basi muache baba aulize."

Baba akauliza swali moja tu: "Nitakama?"

Daktari akajibu kwamba hawezi kuahidi, ila wanaweza kujaribu. Baba akakunja suruali.

Dawa iliagizwa kutoka ng'ambo ya mpaka, ikafika, akachomwa. Alitazama ukuta, kisha akasema, "Ni hii tu?" Masharti: siku mbili za kupumzika, asichuchumae, goti lisikandwe.

Sasa sikilizeni.

Kwetu mgonjwa akirudi nyumbani, ndugu hawaji mikono mitupu. Shangazi, dada yake baba, alikuja na kopo la samli ya ng'ombe. Mimi nilikuwa karakana. Niliporudi nikakuta goti linang'aa, samli ya moto inafuka, shangazi amekunja mikono ya gauni anakanda kama unga wa maandazi, na baba amefumba macho kwa raha.

"Shangazi! Daktari alikataza!"

"Tulia, mutoto. Dokta ameweka mafuta ya ndani, miye naweka ya inje. Itakutana katikati."

Kufikia jioni goti lilikuwa limevimba. Mimi ndiye niliyemshawishi baba achomwe, kwa hiyo nilijiona nimemmaliza. Kulipokucha tu tukapanda pikipiki, shangazi nyuma yetu kwenye nyingine, anasali kwa sauti.

Daktari akavuta maji kidogo ya goti, akayachunguza. Hakuna maambukizi. Kiungo kilikuwa kimekasirika tu, kwa sindano na kukandwa. Akaagiza kitambaa cha baridi na kupumzika.

"Na samli yangu?" shangazi akauliza.

"Mama, ile mukule na ugali."

Uvimbe ukaisha. Lakini maumivu yalibaki palepale, wiki baada ya wiki, na mvua ya kwanza ikanyesha. Baba hakulalamika, na safari ya Mahagi akaiahirisha. Alifanya mazoezi ya kunyoosha mguu aliyofundishwa, akiwaangalia ng'ombe wake wakikamwa na kijana wa jirani.

Halafu Jumapili moja kanisani watu walisimama kuimba, nikanyoosha mkono nimwinue kama kawaida. Nikakuta ameshasimama.

Sikuimba wimbo ule. Nilibaki nikilitazama goti lake.

Hajapona kabisa, wakuu. Kukiwa na baridi goti bado linamkumbusha, na kuchuchumaa kabisa daktari hashauri. Asubuhi moja kigoda changu hakikuwepo karakana. Nikakikuta kwa ng'ombe, baba juu yake, chombo katikati ya magoti, maziwa yanalia ndani. Mguu mmoja wa kigoda ulikuwa mfupi. Nikaona aibu, nikamwambia anipe nikirekebishe.

"Wacha," akasema bila kugeuka. "Kinatingizika kidogo, lakini kinanibeba."

Nilichojifunza: sindano hii haileti goti jipya. Kwa baba ilileta nafasi, na mazoezi na kigoda vikafanya iliyobaki. Mpimwe kwanza, fuateni masharti, na msitegemee nafuu kesho yake. Ng'ombe hawakwenda Mahagi. Namshukuru Mungu, daktari, na hata shangazi, maana alikuja.

Mliochomwa, au mliowapeleka wazazi, kwenu ilidumu muda gani? Na mlioirudia, ya pili ilifanya kazi kama ya kwanza? Semeni ukweli, hata kama haikusaidia. Nasoma maoni yenu hapa nikinywa maziwa ya leo. Amekama yeye.