Ubani Niliourudisha

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nilianza na mkokoteni pale Mwanakwerekwe, darasa la nne sikulimaliza, na leo nna maduka mawili ya mbao. Ujanja wote wa binadamu nshauona. Ndivyo nilivyodhani, mpaka lori la mchanga lilipomgonga shemeji yangu akirudi na baiskeli kutoka kazini Jozani. Alifia pale pale, akamwacha mdogo wangu na watoto watatu.

Siku ya hitma mwenye lori alileta ubani: ng'ombe, gunia la mchele na bahasha. Mkubwa wa nyumba ni mimi, nikapokea. Ng'ombe akachinjwa, watu wakala. Nikamwambia mbele ya wote, "Yamekwisha, bwana. Ni kazi ya Mungu." Nani asiyesema hivyo msibani?

Eda ilipokwisha, mwenye lori akasema atatoa fidia ya laki mbili. Kwa watoto watatu! Nikaweka wakili, nikaenda mahakamani kudai iongezwe. Wakili wa mwenye lori akaniuliza, "Mzee, ubani ulipokea?"

"Naam."

"Na ukasema yamekwisha?"

"Nilisema."

"Basi wadai nini tena?"

Hapo nilishangaa. Kesi ikaahirishwa.

Mdogo wangu akasema, "Kaka, tuzichukue hizo hizo. Watu watasema tunakula damu ya marehemu."

"Watanisema mimi. Mimi nshazoea."

Nikanunua ng'ombe, mkubwa kuliko yule aliyeliwa, nikamkokota mwenyewe mchana kweupe, gunia la mchele likifuata kwenye mkokoteni. Sokoni wakaniuliza, "Mzee, unaongeza mke?"

"Naam. Mkwe wangu ni mwenye lori."

Nilipofika kwake, mwenye lori alitoka mlangoni, majirani wote wako barazani. "Ng'ombe wa nini huyu?"

"Wako. Mchele wako huo, na bahasha yako hii. Sasa hayajakwisha."

"Unanitia aibu, sheikh."

"Ukilipa itaondoka."

Kesi iliporudi, nilisema ubani nimeurudisha na mashahidi ni mtaa mzima. Hakimu aliinama kuficha kicheko, kisha akaendelea. Fidia ikapanda mpaka laki tisa, na zote nikazitia mkononi mwa mdogo wangu.

"Kata pesa zako za ng'ombe, kaka."

"Ng'ombe nilikuwa naye tu," nikamwambia.

Sikuwa naye. Ng'ombe, mchele, bahasha na wakili wangu, vyote pamoja vilinigharimu shilingi laki mbili, elfu kumi na saba na mia tano.