Mlenda wa Mechi ya Kwanza

Timu yetu ilifungwa moja bila katika mechi ya kwanza ya msimu, tena na timu iliyopanda daraja juzi tu, na bao lenyewe tulijifunga. Sitataja jina la timu. Anayefuata mpira wa nchi hii ameshajua, na asiyefuata hatapungukiwa na kitu. Nitasema tu kwamba beki aliyejifunga ndiye tuliyeimbiwa usajili mzima. Walimpokea uwanja wa ndege kwa ngoma kama bwana harusi, na kichwa kizuri kuliko vyote alivyopiga siku ile ndicho hicho alichokipeleka golini kwetu.

Tuliangalia uani kwangu, Chang'ombe ya Dodoma, kama miaka yote. Tawi letu halina ofisi. Ofisi ni uani kwangu kwa sababu mlingoti wa bendera uko hapo, na mlingoti uko hapo kwa sababu mume wangu ndiye aliyeusimika. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Aliunga mabomba mawili, akaweka kapi juu ya kupitishia kamba, akapaka rangi za timu, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna mtu aliyeigusa kamba ile ila yeye. Mimi nashona. Bendera zote nimezishona mimi, lakini kuzipandisha ilikuwa kazi yake.

Alifariki mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaishia. Huu ulikuwa msimu wa kwanza bila yeye. Siku ya mechi nilitoa televisheni barazani mwenyewe, nikavuta waya mwenyewe, nikapanga mabenchi. Bendera tu ndiyo haikupanda. Kila aliyeingia aliutupia jicho mlingoti ule mtupu, kisha akatafuta pa kukaa.

Kipenga cha mwisho kilipolia likatokea jambo lililoniudhi kuliko bao. Hawakugombana. Tawi letu likifungwa hugombana mpaka majirani wafunge madirisha: huyu anamlaumu refa, yule kocha, mwingine anamgeukia jirani yake kwa kuwa kavaa shati la nuksi. Siku ile walinigeukia mimi. Mmoja mmoja walinishika mkono kwa mikono miwili, "pole mama," kwa ile sauti ya msibani, wakatoka polepole kama wanaogopa kuamsha mtu. Nikajua pole ile haikuwa ya mpira.

Katibu wetu, binti anayefanya kazi ofisi ya serikali na kupanga nyumba mtaa wa Area D, alibaki kunisaidia kuingiza mabenchi. Nilimwona anazungukazunguka na neno mdomoni.

"Mama, wanachama tumeongea," akasema hatimaye. "Tumeona mlingoti uhamie kwangu, kwa muda tu. Ili upumzike. Kwa sasa haya mambo ni too much kwako."

"Nimekuomba nipumzike?"

"Hapana, mama. Basi tutaliongelea kwenye kikao."

"Kikao kinakaa wapi?"

Akayatazama mabenchi aliyoyashika. "Hapa."

"Basi njooni mliongelee hapa, na mimi nikiwepo."

Akaamkia na kuaga kwa pamoja, maskini, shikamoo yake ikaja wakati wa kuondoka.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hasira yangu ya kesho yake itaonekana ya kichaa. Huku kwetu Wagogo, mtu akifa, mtani ana ruhusa. Atalala kaburini agome kutoka, atazuia jeneza mlangoni, atavaa koti la marehemu na kutembea kama marehemu, mpaka mfiwa acheke bila kupenda. Miaka mingi iliyopita mtu mmoja wa tawi la wapinzani wetu aliichukua desturi hii akaiingiza kwenye mpira. Wala si Mgogo. Ni Muislamu wa asili ya Kihindi, mwenye duka la vitambaa mjini, duka alilofungua babu yake. Yeye na mume wangu walichezea timu moja shuleni, mmoja kipa, mmoja beki, kisha kila mtu akachagua timu yake ya kushabikia na hawakuelewana tena mpaka kifo. Yaani walionana kila wiki.

Sheria yake ilikuwa hii: tukifungwa mechi ya kwanza, kesho yake saa tisa alasiri tawi lao linakuja kutuzika. Wanabeba boksi la friji lililofunikwa rangi zetu, wanalia machozi ya vitunguu, na yeye anasoma wasifu wa marehemu. Wakimaliza, mume wangu anavaa kofia yake, anatoa hotuba, anapandisha bendera mbele ya macho yao mpaka juu kabisa, ndipo wafiwa tunawalisha. Tunawapa ugali na mlenda bila kipande cha nyama, kwa sababu marehemu hakuacha kitu. Wakifungwa wao, sisi ndio tunaowazika, nao wanatulisha biriani. Mume wangu alisema hata kama asingekuwa shabiki wa timu yetu, angewaombea wafungwe kwa ajili ya biriani ile.

Mume wangu alipokufa kweli, mtu huyu alibeba jeneza mpaka makaburini. Watani wa ukoo walifanya yao. Mimi nilimsubiri yeye. Alikaa nje ya uzio wa makaburi tangu mchana mpaka jua linazama, hakufanya utani hata wa neno moja. Tangu hapo nikienda dukani kununua vitambaa ananipimia akiwa ameinamisha macho, ananiongezea nusu mita, "pole shemeji," basi. Nilikasirika. Niliona amemsahau mwenzake upesi mno.

Jumapili nilitoka kanisani nikaingia jikoni. Nilisaga karanga, nikapika mlenda wa watu arobaini, nikasonga ugali. Saa tisa ikafika. Saa tisa na nusu nikaenda kusimama getini. Barabara ilikuwa na kuku wawili na mtu wa maji. Saa kumi kasoro akaja katibu, peke yake.

"Mama, nimeona kwenye grupu lao. Mwaka huu hawaji. Wamesema ni kwa heshima yako."

Heshima! Nilitaka kumrushia mwiko, na hakuwa na kosa lolote. Kwa miezi minne nilikuwa nimeheshimiwa nikaheshimika. Sokoni wananipisha, kanisani wananiwekea kiti, watu waliokuwa wakinitania tangu nikiwa msichana wanateremsha sauti nikipita. Mimi nilikuwa fundi, nilikuwa mpinzani, nilikuwa na mdomo mchafu kuliko wanaume wa tawi zima. Sasa nilikuwa mjane, kwisha. Na nilijua vizuri: wasipokuja mwaka huu hawatakuja tena. Mlingoti utakwenda Area D, na uani kwangu kutabaki mahali pa watu kuja kusema pole.

Nikavaa jezi ya mume wangu juu ya gauni la kanisani. Ilinifika magotini. Nikamwambia katibu aite bajaji, tukapakia sufuria la mlenda nikalibana kwa miguu, yeye akapakata ugali.

"Mama, kuna sherehe?" dereva akauliza.

"Msiba."

"Oo, pole sana mama."

"Usinipe pole. Endesha."

Nyumba ya mwenye duka la vitambaa iko nyuma ya duka lake. Nilipiga hodi na kuingia kabla ya kukaribishwa. Tawi lao lote lilikuwa barazani linakunywa chai kimya kimya, na ukutani nikaliona boksi la friji, limeshafunikwa rangi zetu, limeegemezwa. Walikuwa wamelitengeneza, kisha wakakaa nalo.

Yeye akasimama. "Karibu shemeji."

"Mko wapi? Chakula kinapoa."

"Shemeji, mwaka huu tuliona…"

"Mliona nini? Tumefungwa na timu iliyopanda daraja juzi. Tumejifunga wenyewe! Mnataka tufungwe vipi ndipo mje?"

Kuna mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenye nyumba hakucheka. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Bado siku tisa."

"Siku tisa za nini?"

"Miezi minne na siku kumi. Sikutaka kuleta makelele kwa mwenye eda."

Nilimtazama mtu huyu. Amezaliwa Dodoma, amekua na sisi, amekula Krismasi kwangu mara ngapi sijui. "Shemeji," nikamwambia, "mimi ni Mwanglikana. Nimetoka kanisani leo leo. Miezi yote hii nimekuja dukani kwako, nimechagua vitambaa, nimegombana na wewe juu ya zipu. Ulifikiri nakaa eda dukani kwako?"

Hapo baraza zima likaangua kicheko, na katibu wangu na ugali wake akacheka. Yeye alingoja mpaka wakamaliza.

"Najua wewe hukai eda," akasema. "Mimi je?"

Nilikuja na ugomvi wa kutosha jioni nzima, ukaniishia papo hapo. Nikakaa kwenye ngazi kando ya sufuria langu. Nilimwona tena nje ya uzio siku ile ya mazishi, nikamwona na futi yake dukani akipima kitambaa na kuniongezea nusu mita, na nikaona haya kwa yote niliyomwazia. Mwanaume hakai eda, kila mtu analijua hilo, yeye zaidi yangu. Lakini alikuwa akihesabu siku, na alizijua bila kuangalia kalenda.

"Basi hizo tisa utazimalizia uani kwangu," nikamwambia. "Beba boksi."

Tukarudi kwa msafara, bajaji nne na boksi juu ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, wao wakilia barabara nzima bila vitunguu. Watu wa Chang'ombe wakatoka milangoni. Wanachama wetu waliposikia wakaanza kufika mmoja mmoja, wakivaa jezi njiani. Boksi likawekwa katikati ya ua. Mwenye duka akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri, maana alikuwa ameshaiandika jana yake mpira ulipokwisha.

"Marehemu Msimu," akasoma, "alizaliwa jana saa kumi jioni akiwa na afya njema. Dakika ya ishirini na tatu aliugua ghafla, baada ya kupigwa kichwa na beki wa kwao mwenyewe. Ameacha mechi ishirini na tisa na kocha mmoja, ambaye naye hali yake si nzuri."

Sisi tukazomea. Kwa mara ya kwanza tangu jana watu wangu waligombana: mmoja akasema kosa ni la kipa, mwingine akaapa kwamba kipa alikuwa ameita mpira, wakashikana mashati. Nilifurahi kama tumeshinda.

Kisha akaniomba kofia. Nilijua ni kofia gani. Nikaingia ndani nikaitoa msumarini, nikampa. Akaivaa upande kama ilivyovaliwa, akaingiza kidole gumba kwenye mkanda, akakohoa kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea, akaanza: "Ndugu wanachama, ligi haichezwi siku moja…" Alikuwa yeye. Bega lile, mguu ule wa kuburuta, hata namna ya kufuta pua kwa mgongo wa mkono. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na kicheko kikageuka kilio katikati, sikujali. Miezi minne nilikuwa nimelia kwa adabu.

Akafika mlingotini, akashika kamba, akasimama. Mpinzani hawezi kupandisha bendera yetu, hata kwa utani. Akaninyooshea mimi.

Nilifunga bendera, nikavuta. Ikapanda mpaka nusu, ikakwama. Nikavuta tena, wapi. Mmoja wa waombolezaji akasema, "Iache hapo mama, nusu mlingoti inatosha, si ni msiba?"

"Msiba wa nani? Zimebaki mechi ishirini na tisa!"

Nikajitundika kwenye kamba kwa uzito wangu wote, na si haba. Haikusogea. Ndipo mwenye duka, kofia bado iko kichwani, akazunguka upande wa pili wa mlingoti na kuupiga teke mara mbili, chini kidogo ya pale mabomba yalipoungwa. Kapi likalia, kamba ikaachia, bendera ikaenda mpaka juu.

Sikuwahi kujua habari ya mateke yale. Miaka yote bendera ilipokuwa inapanda mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Mwenye duka ndiye aliyekuwa amesimama pale akimtazama mume wangu.

Tukala. Mlenda ulikuwa umepoa na kuvutika kama gundi, na walilalamika kwa sauti kubwa, bila heshima yoyote. Katibu aliniuliza kama aondoe hoja ya mlingoti kwenye ajenda ya kikao. Nikamwambia hoja gani.

Jumatano tulifungwa tena, mbili bila. Desturi yetu ni ya mechi ya kwanza tu, ya pili haina mazishi. Alhamisi saa tisa nilisikia kilio kinakuja barabarani, nikaacha cherehani, nikaenda kubandika maji ya ugali.