Tone la Kwanza

Gumersinda Apaza hakupata kunywa kitu kabla ardhi haijaonja. Iwe chai, supu, hata dawa ya kifua, tone la kwanza lilikwenda chini kwa Mama Ardhi, ndipo kikombe kikafika mdomoni. Nieves, mke wa mwanawe, alifuata nyuma na kitambaa.

"Mama, hii ni sakafu, si shamba."

"Na chini ya sakafu kuna nini, mjuaji? Sakafu nyingine?"

Waliishi hivyo, kwa maneno ya kuchomana. Kwa mkwewe, Nieves alitamani kitu kimoja tu: pini za kuivalishia sanamu ya Bikira wa Mishumaa kanisani, kazi aliyoishika Gumersinda miaka yote. Mwaka ambao mabega ya Gumersinda yalikataa kuinuka, wazee wa kanisa walimkabidhi Nieves pini hizo bila kumuuliza mkwewe. Bibi kizee akanuna. Hakumfundisha kazi hata kwa neno moja.

Nieves akajifungia na sanamu nyuma ya pazia. Chini ya sketi za ndani akakuta kifurushi cha majani ya koka, yale wanayotafuna wazee wa milimani, na mafuta ya mnyama lama. Ameniroga hata hapa, akawaza. Akakitia motoni.

Asubuhi ya sikukuu, filimbi na ngoma zikiwa tayari uwanjani, wabebaji waliinama chini ya machela ya Bikira. Fermín, kiongozi wao, akauliza kama ilivyoulizwa kila mwaka:

"Mama amekula?"

Nieves akamkodolea macho. "Sanamu inakula nini?"

Wabebaji wakasimama wima. "Huyu ni Mama Ardhi pia, na ni mlima wetu," Fermín akasema. "Tukimbeba na njaa, mvua ya mawe itamaliza viazi vyetu."

"Wajibu watu basi, bibi pini!" Gumersinda akapaza sauti mbele ya kijiji kizima. "Waambie chakula chake umekipeleka wapi."

Akajikokota hadi kwenye machela, akatoa koka aliyokuwa akitafuna shavuni mwake, akaisukuma chini ya sketi za Bikira. "Ameshiba," akasema, na Bikira akapaa mabegani. Nieves alinyang'anywa pini palepale, zikakabidhiwa kwa binti wa Fermín.

Hawakusemezana tena mpaka kifua kilipomlaza Gumersinda. Nieves akampelekea chai. Mgonjwa akainamisha kikombe, tone la kwanza likaanguka kwenye kiatu cha Nieves, likateremka sakafuni. Kwa mazoea, Nieves akashika kitambaa.

"Usifute," akasema Gumersinda. "Hicho nacho ni chakula cha Mama, si chako."