Ng'ombe Aliyejizaa Mwenyewe

Leo programu yangu imezimwa mbele ya wafugaji wa Kwai, nami nikashukuru.

Inatafuta ukoo wa ng'ombe: mama, bibi, kurudi nyuma, tusije tukapandisha ndugu kwa ndugu.

Kumbe ng'ombe mmoja, Maua, ameandikwa kuwa mama yake mwenyewe!

Programu ikazunguka bila kikomo, ikajaza nafasi yake ya kumbukumbu, ikagonga mpaka uliolindwa mwishoni mwa nafasi hiyo. Kompyuta ikaizima papo hapo.

Aibu, jamani!

Mwenzangu akaninong'oneza, "Ondoa huo ulinzi."

"Siondoi. Bila huo mpaka ingeharibu taarifa za ng'ombe wengine."

Nikamgeukia mwenye Maua. "Mama, nani alimzaa Maua?"

"Ng'ombe wangu Shida. Alikuwa na mateke huyo!"

Nikasahihisha, nikaizuia programu isikubali tena ng'ombe anayejizaa. Nikaiwasha, wote wakinitazama.

Ikafika kwa Shida, kisha kwa mama wa Shida. Makofi!

Ulinzi unabaki. Anayebisha aje kwenye maoni.